Bolti ya Kumi, Kutoka Garissa Hadi Griftu

Mmeniuliza wote, na Mahamudi ameniuliza mara mbili katika barua moja: imekuwaje safari ya siku mbili ikala siku sita, na imekuwaje mtu aliyekwenda kumchukua mkewe akarudi na viganja vilivyochunika. Basi nawaandikia mara moja, mpokezane karatasi hizi hapo Witu, maana sina moyo wa kuisimulia tena. Kila nikiisimulia hasira zinaanza upya, na kazi za watu zinalala kwenye cherehani.

Habari za kutafuta nafasi ya lori nitaziruka, hazina maana. Nitaanza na bolti.

Nyumbani, Garissa

Mnajua kwamba Halima alikwenda kujifungulia kwa mama yake Griftu, kama ilivyo desturi ya watu wake kwa mtoto wa kwanza, na kwamba mzazi hatoki mpaka arobaini iishe. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mimi, baba wa mtoto, niliyapata hayo kwa dereva wa lori, pamoja na kaseti. Baba mkwe wangu, Mzee Hussein, haandiki barua. Anaisemea redio kaseti yake, kisha anampa kaseti dereva yeyote anayeelekea Garissa.

Mjue pia kwamba mzee huyo alituazima pikipiki yake mwaka jana, ili nimpeleke Halima kliniki. Halima alipokwenda kwao, pikipiki ilibaki kwangu. Sasa sikilizeni kaseti ilivyosema, baada ya salamu ndefu na mbuzi aliyekuwa akilia nyuma yake:

"Athmani, siku ya arobaini wewe kuja na bikibiki yangu. Mimi nataka kusikia injini kutoka mbali. Kama inatembea fizuri, chukua bibi, chukua mtoto, na bikibiki endelea tumia. Kama imekufa, basi, msichana atakaa kwa mama yake mbaka wewe jifunze kutunza kitu."

Niliirudisha nyuma nikaisikiliza mara nne. Haikubadilika. Mzee Hussein hakupendezwa tangu mwanzo na binti yake kuolewa na fundi cherehani wa pwani. Kwake yeye, mtu anayekaa kitako siku nzima akishona mikono ya mashati ya wenzake hajatimia kuwa mwanamume. Alikubali kwa sababu Halima aligoma kula siku tatu. Sasa alikuwa amepata nafasi yake.

Na pikipiki, jamani, ilikuwa haitembei. Klachi zilikuwa zimeungua. Ukiwasha, injini inanguruma vizuri kabisa, lakini gurudumu halina habari. Arobaini ilikuwa inaangukia Ijumaa. Jumamosi ya kabla yake nikanunua klachi mpya, nikatandika gunia uani, nikakaa chini na spana namba nane. Nilijiambia kwamba mtu anayefungua cherehani na kuifunga tena anaweza kufungua chochote kilichofungwa na binadamu.

Kifuniko cha klachi kimeshikwa na bolti kumi. Tisa zilitoka kabla ya adhuhuri, nikazifunga kwenye kitambaa. Ya kumi, ile ya chini kabisa, ikakataa.

Nilisukuma, nikavuta. Nilimimina mafuta ya taa nikaiacha inywe mpaka alasiri. Nikapiga bismillahi, nikakanyaga spana kwa mguu. Spana ikateleza, nami nikaacha ngozi ya vidole vitatu juu ya injini. Idle, jirani yangu mwashi, akachungulia juu ya ua.

"Warya, Athmani! Wewe nashika kama mtu naogopa yeye," akasema, akaruka ua bila kukaribishwa. Akapiga spana kwa nyundo yake ya mawe. Bolti haikusogea hata upana wa uzi. Idle akaitazama nyundo, akanitazama mimi, akasema kosa ni la spana yangu, akaenda zake kuswali.

Basi nikafanyaje? Kukaa Garissa siwezi, arobaini haingoji. Nikaamua kuipakia kwenye lori kama ilivyo, klachi mpya mfukoni na bolti tisa kwenye kitambaa, nikitumaini kwamba baina ya Garissa na Griftu hatakosekana mtu mmoja mwenye akili.

Garissa hadi Habaswein

Jumapili nzima tulikaa ndani ya lori tukingoja msafara. Njia ile haiendwi ovyo siku hizi kwa ajili ya majambazi. Magari hukusanyika, askari wakapanda la mbele na la nyuma, ndipo mnaondoka. Asubuhi tuliambiwa askari wanakunywa chai. Adhuhuri tuliambiwa askari wanakula. Alasiri tukaambiwa hakuna msafara leo, rudini kesho. Mtu mzima anakalia magunia ya sukari kutwa, jua la Garissa mnalisikia kwa habari tu, halafu anaambiwa arudi kesho kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jumatatu tukaondoka. Dereva alikuwa Gedi, mtu mnene, mcheshi, mwenye imani kubwa na nafsi yake. Karibu na Modogashe gurudumu likapasuka, na utingo wake walipokuwa wakilishughulikia, Gedi akaiona pikipiki yangu imelala juu ya magunia.

"Walaal, ndugu yangu, hii nini?"

Nikamweleza. Ilikuwa kosa langu. Gedi akatoa bomba la chuma refu, akalivisha kwenye spana ili apate nguvu, akaegemea na kitambi chake chote. Kukasikika mlio. Nikashangilia, Mungu anisamehe.

"Umeona?" akasema Gedi. "Sasa imelegea."

Kilicholegea ni kichwa cha bolti. Pembe zake sita zilikuwa zimeliwa, kikabaki kiduara kama kifungo cha koti. Kabla ya Gedi nilikuwa na bolti ngumu. Baada ya Gedi nilikuwa na bolti ngumu isiyoshikika. Na yeye akarudisha bomba lake kwa raha ya mtu aliyetenda wema, akanikaribisha wali na nyama ya mbuzi. Nilikula, kwa kuwa njaa ilikuwa kali, lakini sikumtazama usoni. Tulifika Habaswein Jumanne.

Habaswein

Hapa ndipo nitakapotaka mvumilie, maana mimi mwenyewe bado sijavumilia.

Gedi alikuwa na mzigo wa kushusha, akaiteremsha pikipiki chini akaniambia ningoje. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Nikaiegemeza pikipiki kwenye ukuta wa hoteli, nikaagiza chai ya maziwa ya ngamia na anjera, ule mkate wao mwembamba, nikakaa kando yake. Chai ilikuwa nzuri mno, hilo nalikubali.

Akaja bwana mmoja mwenye ndevu za hina na shali begani. Akaizunguka pikipiki, akaibonyeza kiti kama anayebonyeza nundu ya ngamia, kisha akanipa mkono. Nikaupokea kwa adabu. Akafunika mikono yetu kwa shali, na humo ndani akaanza kuniminya vidole: viwili, akaachia, kisha vinne, akakazia. Nikasema moyoni, hii ndiyo salamu ya watu wakubwa wa huku. Nami nikamminya vivyo hivyo, nikatabasamu, nikaitika kwa kichwa, "Naam, naam, alhamdulillahi."

Yule bwana akanipiga kofi kiganjani. Watu waliotuzunguka wakasema "Mashallah," na vijana wanne wakainyanyua pikipiki ya baba mkwe wangu wakaondoka nayo.

Nilipiga kelele ambazo sijapiga tangu nikiwa mdogo. Mwenye hoteli akatoka mbio.

"Wewe nalia nini? Umeuza fizuri!"

"Nimeuza nini?"

"Bikibiki. Abdullahi amekupa bei, wewe umekubali. Sisi wote tumeona."

Kumbe hivyo ndivyo wanavyouza mifugo wao. Bei inasemwa kwa vidole chini ya nguo, wengine wasiijue, na ukiitika imekwisha. Fundi cherehani atayajulia wapi? Tangu nioe sijanunua hata kuku sokoni, alikuwa akinunua Halima. Nikasema sikujua. Wakasema mkono hausemi sijui. Nikasema basi naapa. Wakasema usiape, tutakaa.

Wakakaa. Watu wazima sita, mkekani, na kila mmoja akataka hadithi tangu mwanzo, na kila hadithi ikataka chai yake. Jumanne ikaisha. Jumatano asubuhi wakakaa tena. Nilikuwa nahesabu siku moyoni: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mwishowe nikasimama nikasema kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu kwamba pikipiki si yangu hata kidogo, ni ya baba yake mke wangu, na nisipoifikisha Ijumaa ikitembea nitarudi Garissa bila mke na bila mtoto ambaye sijamwona uso.

Vikombe vya chai vikawekwa chini.

"Mali ya soddog?" akauliza mmoja wao taratibu. Soddog kwa lugha yao ni baba mkwe.

"Ya soddog."

Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa huruma ya kweli. Mzee wa katikati akasema, "Huyu hakuuza. Huyu ana shida." Na kesi ikaisha hapo hapo, kesi iliyokula siku yangu nzima! Hata Abdullahi wa ndevu za hina alinishika bega akasema pole sana. Kisha, ili kunifariji, akaazima nyundo na tindo akasema yeye ataitoa hiyo bolti sasa hivi. Nikasema hapana, adeer, ami yangu, tafadhali. Akapiga. Tindo likaruka, likamega ukingo wa kifuniko, kipande cha ukubwa wa ukucha. Bolti ikabaki mahali pake.

Habaswein hadi Wajir

Gedi alikuwa ameshaondoka na lori lake, na Alhamisi nilipata pikapu iliyobeba madebe ya maziwa. Mchanga, jua, na kila tukikwama abiria wote chini, sukuma. Nilisukuma kwa viganja vyenye vidonda, nimechoka hata kukasirika.

Wajir, mjini kwenye kuta nyeupe na visima, nilielekezwa kwa fundi mmoja anayeitwa Bishar, kijana mkimya mwenye kibanda karibu na soko la ngamia. Huyu hakuchukua nyundo. Alipiga magoti, akafuta vumbi kwa kidole, akakwaruza pembeni mwa bolti kwa msumari. Ukatoka unga wa kahawia unaong'aa. Akaunusa.

"Nani alifunga hii?"

"Sijui. Nimeikuta hivi."

"Hii si kutu, walaal. Kutu mimi naijua. Hii mtu ameweka kitu." Akasimama, akapangusa mikono. "Mtafute mtu alifunga. Mimi sitagusa."

Watu watatu walinigusia bolti ile bila ruhusa na wote niliwashukuru kwa mdomo. Huyu mmoja aliyekataa kuiharibu ndiye niliyemtolea maneno makali. Nilimwambia fundi asiyefungua si fundi. Alinipa maji ya kunywa. Namwomba radhi hapa, ingawa hatasoma.

Wajir hadi Griftu

Ijumaa, siku yenyewe. Gari lilinishusha nje ya Griftu watu wakitoka kuswali, na kutoka pale nikaisukuma pikipiki kwa miguu katikati ya mji. Huyo aliyetakiwa kusikika kutoka mbali alisikika kwa kuhema. Mbuzi walinipisha. Watoto walinifuata.

Mzee Hussein alikuwa amesimama mbele ya boma lake na bakora yake, kanzu safi, mkono mmoja kwenye sikio.

"Mimi sisikii kitu," akasema.

"Assalamu alaikum, Mzee."

"Wa alaikum salam. Sisikii kitu." Akaizunguka. Akaona kichwa cha bolti kilicholiwa, akaona ukingo uliomegeka. Akafumba macho. "Wewe umeharibu bikibiki yangu. Msichana atakaa hapa."

Ndani ya nyumba ya mikeka nikasikia sauti ya Halima ikimwita baba yake, "Aabo!" na mtoto akalia. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti ya mwanangu, kupitia mkeka, huku nakaripiwa. Damu ikanipanda hadi utosini. Nikaketi chini pale pale mchangani, nikatoa spana na kitambaa changu cha bolti, nikasema: "Mzee, sitoki hapa. Ila niambie kitu kimoja. Nani aliifunga bolti hii?"

Mzee akatazama ngamia waliokuwa wakipita.

"Mzee, nani aliifunga?"

Ngamia wakapita wote, akatafuta wengine.

Sasa, kuna jambo mlijue. Kwa watu hawa mama mkwe na mume wa binti yake huoneana haya sana. Hawakai pamoja, hawatazamani, hawasemeshani uso kwa uso. Miaka miwili nimeoa, mama yake Halima namjua kwa mlio wa kandambili zake tu. Basi akasema kitu kwa Kisomali kutoka nyuma ya mkeka, na Halima akatafsiri kwa sauti.

"Mama anauliza, ni ile bolti ya chini? Iliyokuwa inavuja oili?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Sauti ya nyuma ya mkeka ikaanza kwenda haraka na kupanda.

"Mama anasema Baba alichukua gundi yake yeye Mama. Ile gundi ya mti anayozibia vyombo vya maziwa vikipata ufa. Aliichemsha akaimimina kwenye tundu la bolti, akaifunga. Mama alimwambia asifanye, akafanya."

Nikamgeukia mzee. Watu wa Witu, nilikuwa nimetoka jasho siku sita. Nimechunwa, nimeuzwa sokoni, nimehukumiwa mkekani, nimesukuma maziwa ya watu jangwani, kwa ajili ya gundi ya mzee huyu huyu!

"Ilikuwa inafuja," akasema Mzee Hussein kwa hadhi. "Chombo kikifuja si inazibwa?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe hukuuliza."

Kabla sijajibu, chini ya mkeka ulitokea mkono wa mtu mzima, bangili za fedha, ukasukuma chetezo kilichojaa makaa ya moto. Ukarudi, ukatoa kikombe cha samli.

"Mama anasema gundi yake haitaki nguvu," Halima akasema. "Inataka moto wa pole, halafu mafuta. Na usipige tena."

Nikafungua tangi la petroli nikalipeleka mbali kabisa. Nikakiinua chetezo chini ya bolti nikakishikilia. Baada ya muda ikaanza kunuka, tena harufu tamu ya ubani, mpaka majirani wakaja kuuliza kama sherehe ya arobaini imeanza. Tone jeusi likachuruzika. Nikadondosha samli iliyoyeyuka pale pale, ikaingia, ikachemka.

"Mama anasema ngoja."

Nikangoja.

"Mama anasema sasa. Taratibu, kama unafungua kifuniko cha maziwa."

Nikaizungushia kitambaa, nikaibana kwa koleo, nikazungusha. Ikaja. Bila kelele, bila ubishi, ikaja kwa vidole viwili, ikaning'inia na uzi wa gundi nyuma yake. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, vyote kwa pamoja.

Klachi zikaingia, kifuniko kikarudi, tangi likarudi. Mzee akaipiga teke mwenyewe, ikawaka. Akaipanda na kanzu yake, akaizunguka Griftu nzima mara mbili, akapita mbele ya msikiti pole pole ili aonekane. Akarudi, akaizima, akashuka.

"Inatembea," akasema.

Nikangoja.

"Bibi yako chukua. Mtoto chukua." Akaweka mkono juu ya kiti cha pikipiki. "Bikibiki hapana. Bikibiki itabaki hapa. Wewe huwezi kutunza."

Yaani binti yake, na damu yake changa ya siku arobaini, hao ananiamini nao njia nzima hadi Garissa. Chuma hiki alichokiziba mwenyewe kwa gundi ya maziwa, hapana. Nilisimama. Hotuba niliyokuwa nayo kifuani ilianza kutungwa Modogashe, ikaongezwa Habaswein, ikakamilika Wajir, na sasa ilikuwa ulimini.

"Mzee Hussein," nikaanza.

Mkeka ukafunuliwa. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa pembe ya nguo yake, akitazama kando, na mikononi mwake kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe. Nikarudi nyuma, nikamwonyesha viganja vyangu, oili, samli, masizi na damu.

"Shika," akaniambia. Mimi, moja kwa moja, kwa Kiswahili.

Nikashika. Mwanangu ana pua ya Halima na paji langu la uso, na ni mwepesi kuliko koti lolote nililowahi kulishona. Mzee Hussein alikuwa bado anaendelea, anawaeleza majirani jinsi fundi cherehani anavyopiga injini kwa nyundo kama mtu anayepasua kuni, na majirani wanacheka, na hotuba yangu yote iko tayari. Nilinyamaza kimya. Nyinyi mnaonijua mtasema nilimwogopa, au nilimheshimu. Wala. Mtoto alikuwa amelala.